Mtaro Uliopita Uani kwa Baba

Bondeni kwetu, chini ya kilima cha Mbuya chenye kambi ya jeshi, kulikuwa na mitaro miwili isiyojuana. Wa kwanza ulishuka kutoka juu, kwenye nyumba za wakubwa, ukaja kwa kasi na kelele mpaka nyuma ya nyumba yetu, halafu ukakatika hapohapo kwenye majani, kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichokuja kuchukua. Wa pili ulikuwa mtaro mkubwa wa mawe kando ya reli, unaopeleka maji kwenye kinamasi na hatimaye ziwani. Katikati tulikaa sisi: vyumba, majiko, mabanda ya kuku, kanisa moja la mabati na kiwanja kimoja cha mpira. Mvua ikinyesha, maji ya mtaro wa kwanza yaliutafuta wa pili kwa kupitia milangoni mwetu. Kila nyumba ilikuwa na matofali yake ya kuinulia kochi. Mgeni akija kiangazi akauliza kwa nini makochi yetu yako juu kama viti vya kifalme, tulimwambia angoje mvua.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na Kampala hiyo ni kazi ya mtu mwenye subira. Wanafunzi wangu wanakiogopa. Wazazi wao wanakikumbuka kama lugha ya askari anayegonga mlango. Na baba yangu mwenyewe, aliyekitumia jeshini maisha yake yote, hakitambui hicho ninachofundisha. "Hiyo Kiswahili yako ya kitabu," huniambia, "risasi ikilia utasema nini? Tafadhali laleni kifudifudi?"

Baba alitoka kaskazini akiwa kijana, akaingia jeshini, akastaafu akiwa sajini, akajenga bondeni ili aweze kukiona kila siku kilima alichokitumikia. Mama alifariki nikiwa sekondari. Tangu hapo tulibaki watu wawili, baba na binti, na ua. Huo ua lazima niueleze. Ulifagiliwa kwa mistari iliyonyooka, na kando ya kila kinjia palikuwa na mawe yaliyopakwa chokaa, yamepangwa kwa umbali uliolingana, kama kambini. Tangu nikiwa na miaka saba, kuyapaka kila Krismasi ilikuwa kazi yangu. Wenzangu walivaa nguo mpya wakaenda kutembea, mimi nilichuchumaa na brashi, baba amesimama nyuma yangu akisema, "Ile ya tatu, imelala vibaya." Mwaka ninaousimulia nilikuwa na miaka thelathini na minne, nina shahada ya chuo kikuu, na bado niliyapaka.

Mwaka huo mvua iliingia hadi ndani ya kabati la mwenyekiti wa mtaa, ikamharibia kanzu zake mbili. Hapo ndipo jambo lililozungumzwa miaka yote likawa la haraka. Kamati ikaamua tuchimbe mtaro mpya, uunganishe ule wa juu na ule wa reli, tumalize kesi. Mhandisi mmoja aliletwa, akatembea huku na huku, akasema tunaweza kuchimba wenyewe mradi tusiiguse reli, akapanda bodaboda iliyokuwa ikimngoja.

Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa fupi, nayo ilipita katikati ya ua wa baba. Ya pili ilizunguka nyuma, ikapita juu ya jiko la mama mmoja Mkongo.

Mama huyo alikuwa amekimbia vita huko Kivu, akafika bondeni kwetu na mabinti wawili na sufuria moja, na kwa sufuria hiyo akaanzisha mgahawa wa mbao na mabati wenye mabenchi sita. Alipika sombe, kisamvu cha kwao, ugali wa muhogo na samaki wa chumvi. Jumapili aliimba kwenye lile kanisa la mabati kwa sauti iliyovuka ua wetu bila kubisha hodi. Moshi wake pia haukubisha hodi. Baba alimwita "ule mama wa moshi." Yeye alimwita baba "Papa Komanda," na sijui kama ilikuwa heshima. Mimi nilikula kwake kila siku nikitoka shuleni, kisha nikaenda nyumbani na kula tena, ili baba asijue.

Baba alikuwa mjumbe wa kamati, kwa hiyo alichora ramani. Aliichora kwa rula na kalamu za rangi, na ndani yake njia ya nyuma ilinyooka kama mkuki, na njia ya uani ilijikunja kama utumbo wa mbuzi. Ilikuwa ramani nzuri sana. Kasoro yake ilikuwa moja tu: haikufanana na mahali penyewe.

Mwenyekiti wetu alikuwa mzee wa Kiganda, mpole, aliyeogopa ugomvi kuliko mafuriko. Baada ya kuitazama ramani kwa muda mrefu alisema watu wenyewe wataamua, Jumamosi, kiwanjani. Akaandika tangazo kwa Kiganda. Kisha, kwa ajili ya familia za askari na Wakongo, akaandika jingine kwa Kiswahili na kuniletea mlangoni.

"Mwalimu," alisema, "angalia kama iko sawa. Sitaki wanajeshi wanicheke."

Karatasi ilisema: JUMAMOSI SAA NNE WATU WOTE MUKUJE KWA KULA. NI YA MUTALO MUPYA.

Lazima nieleze jambo hapa kwa asiyetujua. Kwa Mganda, herufi r na l ni ndugu wanaokaa nyumba moja. Ukibisha hodi, anafungua yeyote aliye karibu na mlango. Kura na kula, mdomoni mwa mzee yule, lilikuwa neno moja. Nilijua alichokusudia. Nikachukua kalamu yangu nyekundu. MUKUJE nikaifanya MJE. MUTALO nikaifanya MTARO. MUPYA nikaifanya MPYA. Nilipofika kwenye KULA, kalamu ikasimama.

Shuleni namkata mtoto alama mbili kwa kosa hilo. Lakini nilifikiria yale mawe. Nilifikiria sombe. Nilifikiria ramani iliyonyooka kama mkuki. Sikuwa na mpango wowote, naapa. Nilitaka tu kuona nini kitatokea.

"Iko sawa, mzee," nikasema, nikamrudishia karatasi yake.

Siku mbili nzima alizunguka na kipaza sauti. "Watu wote! Jumamosi! Mje kwa kula!" Watu walitoka milangoni, wakasikiliza, wakaangaliana.

Ijumaa asubuhi yule mama Mkongo alinisimamisha njiani, mikono imejaa unga.

"Mwalimu, niko nasikia batu bote bakuje kula. Nani anapika?"

"Sijasikia mpishi."

"Chakula ya nani?"

"Ya mtaro."

Alinitazama. "Uko unacheka."

"Sicheki, mama."

"Uko unacheka na macho." Akapangusa mikono kwenye kitenge polepole, na sura yake ikabadilika. "Sikia. Batu bakikuja na njaa na chakula hakuna, batakasirika. Na batu bakikasirika, banatafutaka mgeni. Mimi najua hiyo." Akageuka kulitazama jiko lake. "Basi. Nitapika."

Kicheko kikanikauka hata machoni. Nilikuwa nimecheza, naye alikuwa amehesabu hatari. Nikamwambia nitamsaidia, na siku hiyo baada ya shule nilitwanga majani ya muhogo kwenye kinu chake mpaka viganja vikafanya malengelenge. Jioni baba aliuliza yametoka wapi. Nikamwambia ni chaki.

Jumamosi saa tatu na nusu kiwanja kilikuwa kimejaa. Sijawahi kuona mkutano wa mtaa ukianza kabla ya saa yake. Watu walikuja na sahani. Wake wa askari walikuja na mabakuli yenye vifuniko. Mzee mmoja aliweka kijiko kwenye mfuko wa shati, kama kalamu. Mwenyekiti alifika na daftari lake, akazitazama sahani, akasalimia kwa adabu na hakuuliza kitu. Nadhani aliona ni desturi ya watu wa Kiswahili.

Baba alikuja na suruali ya kaki iliyopigwa pasi hadi ingeweza kukata mkate. Akaitundika ramani kwenye goli. "Wananchi!" akaanza. "Maji ni adui. Na adui, hauwezi kumupitisha katikati ya nyumba ya mukubwa. Unamuzungusha nyuma!" Ilikuwa hotuba nzuri, lakini upande wa pili wa kiwanja mama Mkongo alikuwa amefunua sufuria, na upepo ulikuwa wa kwake. Vichwa vyote vilimwelekea baba. Pua zote zilielekea kule.

Sisi hupiga kura zetu za mtaa kwa kujipanga. Hakuna karatasi wala sanduku: unasimama nyuma ya unayemtaka, mnahesabiwa, mnaenda nyumbani. Mwenyekiti akasema wanaotaka njia ya nyuma wasimame nyuma ya Sajini, na wanaotaka njia ya uani wasimame nyuma ya mama mwenye jiko. Akamwita aje mbele.

"Siwezi kuacha sufuria," mama akajibu, upawa mkononi.

"Basi baki hapohapo," mwenyekiti akasema. Kisha akainua kipaza sauti. "Haya! Pangeni raini!"

Unaweza kuona kilichofuata. Mstari ulianza kwenye sufuria, ukapita goli la pili, ukazunguka kanisa. Watu walijipanga kwa utulivu, sahani kifuani, bila kusukumana. Mwenyekiti alitembea akihesabu, amefurahi kama bwana harusi.

Nyuma ya baba tulikuwa wawili. Mmoja alikuwa polisi mstaafu, jirani yetu, Mwislamu mwenye kufuata dini, aliyekuwa akilipa siku zake za Ramadhani. Wa pili nilikuwa mimi. Nilijipanga nyuma ya baba yangu kama binti mwema, kwa kuwa nilishaona kwamba haitabadilisha chochote.

Baba aligeuka, akamshika polisi mkono. "Wewe ni rafiki ya kweli."

"Mimi nimefunga tu," polisi akasema.

Ndipo baba alipoelewa. Akanyoosha kidole kuelekea mstari. "Mwenyekiti! Hii si kura! Hii ni kula!"

"Ndiyo," mwenyekiti akajibu kwa furaha, "kula. Na imepigwa vizuri sana, hata fujo sijaona."

"Nasema si kura!"

"Na mimi nasema ni kula, Sajini. Kwa nini tunabishana na tunakubaliana?"

Baba akanigeukia. "Mwalimu! Waeleze tofauti!"

Mtaa mzima ukanitazama, wengine juu ya mifupa ya samaki. Nikakohoa. "Kura ni kuchagua," nikasema. "Kula ni kula."

"Sasa?" mwenyekiti akauliza.

"Watu wamechagua. Na wamekula."

Walipiga makofi, wale wenye mkono mmoja huru wakapiga mapaja. Baba aliikunja ramani yake mara nne, akaondoka kiwanjani kwa mwendo wa gwaride.

Jumapili baba hakutoka nje ya lango. Alikaa uani kwenye kiti, akayatazama mawe yake, na nyimbo za kanisani zikamjia mstari kwa mstari. Nilimpelekea chai, ikapoa. Nilianza kuogopa kwamba nimevunja kitu ambacho kalamu haiwezi kurekebisha.

Jumatatu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nikasikia filimbi. Nilitoka nikiwa na khanga. Baba alikuwa amevaa buti. Alikuwa ameng'oa mawe yote, ameyarundika kando, na katikati ya ua wake amevuta kamba mbili nyeupe kutoka upande mmoja hadi mwingine, na vigingi kila hatua tano. Kila nyumba ilitakiwa kutoa mchimbaji mmoja, na wachimbaji walikuwa wamesimama langoni, majembe mabegani, wakiogopa kuingia.

"Mnangoja nini?" baba akafoka. "Kama ua yangu inakatwa, inakatwa sawasawa! Sekisheni ya kwanza, hapa! Sekisheni ya pili, kule!"

Mwenyekiti, aliyekuwa amejiandaa kuomba radhi, alikaa juu ya rundo la mawe na kufungua koti lake.

Tulichimba majuma mawili. Mimi ndiye niliyetoka kwa nyumba yetu, kwa hiyo kila alasiri baada ya darasa nilivua viatu na kuingia. Udongo wetu ni mfinyanzi. Unashika jembe halafu unakataa kulirudisha. Tulitoa humo tairi, sufuria zisizo na matako, na mlango mzima wa gari ambao hakuna aliyeukumbuka. Mama Mkongo naye alichimba, kitenge amekifunga magotini. Siku ya tano tulikuta jiwe kubwa katikati ya mstari. Baba akaamuru livunjwe. Watu waliligonga kutwa, likatoa cheche tu.

"Papa," mama akasema, akiegemea mpini, "maji siyo askari. Inazungukaka."

Baba aliitazama kamba yake iliyonyooka, akalitazama jiwe, akamtazama yeye.

"Zungukeni," akasema, kwa sauti ya mtu anayesalimisha bunduki. Ndiyo maana mtaro wetu una kona moja.

Baba alikuwa na mpira mwembamba unaopitisha mwanga, kama ule wa mafundi. Unaujaza maji, mtu huku na mtu kule, na maji yenyewe yanakuambia wapi kuna juu na wapi chini. Kwa huo alihakikisha mtaro unateremka hatua kwa hatua. Alasiri moja nilirudi mapema nikamkuta nyuma ya nyumba, kwenye ile njia yake ya ramani, anajaribu kupima peke yake, ncha moja ya mpira ameifunga kwenye mti. Nikashika ncha hiyo bila kuulizwa. Tulipima mpaka jikoni kwa mama Mkongo. Kisha akamwaga maji, akaukunja mpira mkononi kama anayekunja kamba.

"Huku kunapanda," akasema.

"Kunapanda?"

"Tungechimba huku, maji yangerudi kwetu yote." Akakohoa. "Usimwambie ule mama."

Sijui ni nini kilichonipata. Labda ni kwa kuwa hakuwa na mtu mwingine wa kumwambia. Nikasema, "Baba, lile tangazo nililisahihisha mimi. Niliona kosa, nikaliacha."

Akauweka mpira chini. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na nilifikiri analia, kumbe anacheka, kicheko cha kukwaruza nilichokisikia mara ya mwisho mama yangu akiwa hai. "Wewe! Wewe unasahihisha hata barua ya rambirambi! Nilijua. Ile Jumamosi nikirudi, niliona hiyo karatasi kwa ukuta ya duka, wino nyekundu kila mahali, na pale pameachwa safi. Nikasema, hii ni adui ya ndani."

"Kwa nini hukusema?"

"Ungekuwa mwanajeshi, ningekufunga." Akafikiri. "Sasa nitakupa kazi."

Kazi yenyewe ilikuwa mawe. Yalipangwa upya kingo zote mbili za mtaro, kutoka mwisho wa ule wa juu hadi karibu na reli, na kwa kuwa ya zamani hayakutosha, mtaa mzima ulileta mengine. Nikayapaka chokaa yote. Mabinti wa mama Mkongo walikuja kunicheka, wakaishia kushika brashi. Mama mwenyewe alipita, akainamisha kichwa pembeni, akasema, "Ile ya tatu, imelala vibaya." Nilimtazama baba. Alikuwa amegeukia upande mwingine, anachunguza mawingu.

Mvua ilikuja siku ya Alhamisi, saa kumi alasiri. Ilianzia kilimani, tuliiona ikishuka juu ya mapaa kama pazia. Watu wote walitoka na miavuli, mabeseni na maturubai kichwani, wakajipanga kingoni. Maji ya mtaro wa juu yalifika pale yalipozoea kutawanyika, yakasita, yakajaa, kisha yakaona mlango. Yaliingia na povu, na sapatu moja ya bluu, na chupa nyingi. Yakafika kwenye kona, yakapanda ukuta kidogo. Yakazunguka. "Pita, pita, pita," baba alikuwa akisema chini kwa chini, akitembea nayo kingoni, kama mtu anayemfundisha mtoto baiskeli. Mwenyekiti alisahau kipaza sauti chake na kupiga vigelegele kwa mdomo mtupu. Maji yakaanguka kwenye mtaro wa reli kwa kishindo, na mama Mkongo akaanza wimbo, akafunua tena sufuria jikoni kwake, na safari hii polisi mstaafu alikula.

Tulirudi ndani tumelowa. Kochi lilikuwa chini, sakafu kavu. Baba aliketi akasikiliza mvua kwenye mabati kwa muda mrefu, bila kuinuka kutazama mlango, akasinzia na kikombe mkononi. Nilikitoa vidoleni mwake polepole nikakiweka mezani.

Kesho yake asubuhi walikuja wanaume wawili kutoka ng'ambo ya reli, suruali zimekunjwa, matope mpaka magotini. Walisalimia kwa heshima zote za Kiganda, wakaulizia habari za nyumbani, za kazi na za ng'ombe tusiokuwa nao. Kisha wakauliza ni nani aliyewatumia maji yote yale.

Mwenyekiti alionyesha nyumba yetu. Baba alitoka mlangoni anatafuna, akawasikiliza hadi mwisho, akauliza swali moja tu: kwao kunateremkia wapi? Walionyesha pande mbili tofauti kwa wakati mmoja. Akarudi ndani. Nilimsikia akivaa buti, akiutafuta mpira chini ya kitanda. Alipotoka, mama Mkongo alikuwa tayari barabarani na jembe, amejifunga kitenge magotini, na hakuna aliyekuwa amemwita.

"Papa, twende," alisema. "Lakini leo usilete kamba."

"Kamba iko," baba akajibu, akatangulia mbele kuelekea reli, na nikawasikia wakibishana njia nzima.